Apareyi ndogo ya foto yenye zumu: tununue ao tuache?

Ilikuwa siku ya posho, kisha zamu ya asubuhi. Tulikaa mu lupango ya mwenzetu mmoja hapa Kikula, mu Likasi, viti vya plastiki vikizunguka meza moja. Juu ya meza kulikuwa bahasha yenye falanga 320 000. Watu 160 walitoa, kila mtu 2 000. Mu mwezi ambao mshahara ulichelewa, hayo si makuta ya kuchezea. Na kila mtu alijua neno la siku ile: sendika inunue apareyi ndogo ya foto yenye zumu, ao iache?

Kijana mmoja wa atelye akaanza:

— Vieux, leo nani anauza tena apareyi? Kila mutu iko na telefone mu mufuko. Batatuseka.

Papa mmoja mwenye kungoja pansio akaongeza:

— Hii makuta tuweke ya kilio. Mutu akikufa kesho, mutaenda kupigia bibi yake foto?

Watu wakacheka, lakini kidogo tu. Kisha mama mmoja akaomba neno. Hakuwa mfanya kazi. Alikuja na bwana yake, ambaye tangu mwaka jana anatembea na fimbo mbili. Akasema pole pole:

— Ile siku bwana yangu alianguka, mulikuwa na telefone mingapi pale ku kazi? Foto iko wapi?

Hakuna mtu aliyemujibu. Mimi ni delege wa sendika, na mimi pia niliangalia chini.

Siku ile hatukukata shauri. Walinipa kazi, mimi na mwenzangu, tuende kuangalia, kuuliza, kupima, kisha tulete jibu. Haya ninayoandika ni jibu letu. Nilifikiri linaweza kusaidia wengine mu Kolwezi, mu Kambove, mu Kipushi, na hata mama ku nyumba anayeulizwa na watoto kama wanunue apareyi ya namna hiyo.

Foto ambayo haikusema kitu

Kwanza nieleze ile ajali, juu ya maneno yote ilitoka pale. Jina la kampuni sitalitaja. Mambo yangali ku meza.

Mu kiwanda kulikuwa ngazi ya chuma yenye kupanda ku pompe, urefu wa mita 6 hivi. Pale wanatumia asidi, na asidi inakula chuma pole pole, mpaka siku moja unakanyaga na hakuna kitu chini ya mguu. Wiki tatu mbele ya ajali, mwenzetu mmoja aliona kidato kimoja cha juu kimeoza. Hakuweza kukaribia: kuko mstari wa njano, na kuupita ni mpaka uwe na ruhusa. Akasimama mita 15 hivi, akavuta zumu ya telefone yake mpaka mwisho, akapiga. Akatuma ku WhatsApp ya kikundi chetu. Tukaangalia, tukaandika «hatari kabisa», tukaendelea na mambo mengine. Hilo ni kosa letu, silifichi.

Kisha mtu akaanguka. Mguu ulivunjika pahali pawili. Kisha siku mbili ngazi ilikuwa mpya, imepakwa rangi. Mu mkutano tukatoa ile foto. Wakubwa wakaigeuza huku na huku. «Hii ni kutu ao ni kivuli? Ni ngazi gani? Ni tarehe gani?» Foto ilikuwa kama uji. Tarehe iliyokuwa ndani yake ilipotea wakati wa kuitumatuma. Telefone yenyewe mwenzetu alikuwa amekwisha kuiuzisha, na foto ya asili ilienda nayo. Mu ripoti wakaandika: kosa la mfanya kazi, hakushika reli.

Basi tulikuwa na foto, lakini haikuweza kujibu hata swali moja. Kila neno ninalosema hapa chini juu ya zumu na batri linarudi pale: apareyi hii, tukiinunua, itajibu yale maswali matatu? Kitu gani, wapi, siku gani?

Wazee wetu walijua bei ya foto

Kama mtu anafikiri foto ni mchezo wa harusi, akumbuke Nsala. Mwaka 1904, wakati wa Leopold II, mu Baringa, kule kaskazini mu pori ya mpira, baba huyo alifika kwa wamisionere na majani yamefungwa. Ndani yake mlikuwa mkono na mguu wa mtoto wake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ABIR. Bibi mmoja Mwingereza, Alice Seeley Harris, akamupiga foto Nsala akiwa ameketi ku baraza, anaangalia kile kilichobaki. Foto ile na zingine zilionyeshwa mu mikutano mingi Uingereza na Marekani. Mwaka 1908 Leopold alipaswa kuachilia Congo kwa serikali ya Ubeljiji.

Foto haikufanya kazi ile peke yake. Kulikuwa barua, kulikuwa mashahidi, kulikuwa watu waliosimama na kusema. Lakini muangalie kitu kimoja: miaka zaidi ya 100 imepita, na tungali tunajua jina la baba, jina la mtoto, pahali, na kampuni. Mtu aliandika majina pamoja na foto. Njo sababu foto ile ingali inasema.

Karibu yetu kabisa, mu Lubumbashi ya wakati ule, Élisabethville, wafanya kazi wa Union Minière waligoma mu mwezi wa 12 mwaka 1941 juu ya mshahara. Tarehe 9 askari wakapiga bunduki ku kiwanja cha mpira, na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina la wenzake, alikufa pamoja na wengi. Wengi wetu tulipata habari ile kwa midomo ya wazee, na kwa vibao vya mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu. Mpaka leo watu wanabishana juu ya hesabu ya wafu. Mahali ambapo alama hazikushikwa muzuri, mwenye nguvu njo anaandika hesabu.

Zumu ya kweli na zumu ya makasi

Sasa turudi ku duka. Neno «zumu» linadanganya watu wengi, juu ya ziko mbili.

Zumu ya kweli ni ile ya vioo. Ukisukuma kifungo, lenzi inatoka mbele, vioo vinasogea ndani, na kitu cha mbali kinakuja karibu mbele hata foto haijapigwa. Zumu ya pili ni ya hesabu tu: apareyi inakata sehemu ya katikati ya foto, inaipanua, inakupatia. Ni kama kuchukua makasi, kukata kipande cha gazeti hili, na kukileta karibu ya jicho. Herufi haziongezeki.

Hesabu yake ni rahisi. Telefone ya megapikseli 16 ukiivuta zumu ya makasi mara 4, unabakiwa na sehemu 1 tu mu 16, maana yake megapikseli 1. Telefone zingine za bei kubwa ziko na lenzi ya zumu ya kweli, lakini zile tunazobeba ku kazi, nyingi hazina.

Tuipime kwa ile ngazi yetu. Ukisimama mita 15, telefone ya kawaida inaona upana wa mita 20 hivi. Apareyi ndogo yenye zumu ya kweli mara 5, ikivutwa mpaka mwisho, inaona upana wa mita 4 hivi. Kidato cha sentimeta 70, ku telefone ya megapikseli 12, kinachukua pikseli kama 130 tu. Ku apareyi ya megapikseli 20, kidato kile kile kinapita pikseli 900. Mu 130 utabishana kama ni kutu ao kivuli. Mu 900 unahesabu matundu.

Ku kartoni wataandika «zumu mara 5» kwa herufi ndogo na «mara 20» kwa herufi kubwa. Ulizeni ile ya vioo, ile inaitwa optike. Hiyo ingine, kama inawezekana, muizime mu menyu siku ya kwanza.

Na megapikseli zisiwatie bumbuazi. Foto ya karatasi ya sentimeta 10 kwa 15 inaomba megapikseli 2 tu hivi, na ukurasa mzima wa A4 ulio safi kabisa unaomba 9 hivi. Apareyi ya zamani ya megapikseli 12 yenye lenzi nzima ni bora kuliko ya 20 yenye lenzi yenye kukwaruzwa.

Kile apareyi ya bei ndogo haiwezi

Kijana wa atelye hakukosea kwa yote. Apareyi za namna hii, Kodak PixPro, Sony W800 ao Canon IXUS za bei ya chini, ziko na udhaifu, na mwenye kuuzisha hatakuambia.

Wa kwanza ni giza. Kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga ni kidogo sana, milimeta 6 hivi kwa upana, ndogo kuliko punje ya muhindi. Tena ukivuta zumu mpaka mwisho, mu apareyi nyingi za bei hii lenzi inaingiza robo tu ya mwanga ule uliokuwa unaingia mbele ya kuvuta. Mchana, nje, ku karyeri, hakuna shida. Chini ya udongo, na taa ya kaske tu, usitumainie zumu. Telefone nyingi za sasa zinashinda apareyi hizi mu giza, na nisiposema hivyo ninawadanganya.

Wa pili ni mkono. Kitu cha mbali kinapokuja karibu, na mtetemeko wa mkono unakuja pamoja nacho. Egemea ukuta, weka viwiko ku kifua, ao weka apareyi juu ya jiwe na utumie saa yake ya sekunde 2, ili kidole kisiitingishe.

Wa tatu ni flashi. Inafika mita 3 hivi, basi. Kupiga flashi kwa ngazi iliyo mita 15 ni kupoteza batri. Na mahali penye vumbi, flashi inapiga vumbi lililo mbele ya lenzi, foto inajaa matone meupe kama mvua ya mawe.

Wa ine, na huu njo unaua apareyi nyingi kwetu, ni vumbi lenyewe. Lenzi yenye kutoka na kuingia inavuta vumbi ndani kila mara. Chembe ikikwama, lenzi inakataa kufunga, ao unaona doa lile lile ku kila foto. Kusafisha ndani ni kazi ya fundi, na fundi anaweza kuomba makuta kupita bei ya apareyi. Kwa hiyo inakaa mu mfuko wa plastiki wenye kufungwa, inatoka kwa kupiga tu, inarudi. Karibu na mabafu ya asidi ni hivyo hivyo: mvuke wake unakula kila chuma kidogo.

Pale penye baruti

Hapa ninaomba kila mtu asome mara mbili.

Telefone inatuma mawimbi ya redio hata ikiwa mu mfuko. Kuko detonateri za umeme ambazo mawimbi yenye nguvu yakiwa karibu yanaweza kuziamsha. Njo sababu watu wa baruti wanakataza telefone na redio pale wanapotega. Apareyi ndogo isiyokuwa na Wi-Fi wala Bluetooth haitumi mawimbi ya namna hiyo, na hiyo ni sababu moja tuliitafuta ile isiyo nazo. Lakini hiyo si ruhusa. Flashi na batri ni umeme pia. Pale penye baruti, mkubwa wa baruti njo anasema ndiyo ao hapana, na akisema hapana, apareyi inabaki ku biro. Hakuna foto yenye bei ya mkono wa mtu.

Batri, na kobalti yetu

Apareyi nyingi ndogo zinatumia batri ndogo ya bapa, ya litiumu. Ikijaa, inapiga foto kama 200. Zingine, kama Kodak PixPro FZ45, zinatumia pile mbili za kawaida za AA. Kwetu, kwa delestaji hii, watu wengi wanapenda za pile juu ya unazipata ku kila kibanda. Lakini pile za bei rahisi zinakufa kisha foto chache sana. Ukinunua ya AA, nunua na pile za kujaza umeme, pamoja na chaja yake. Ukinunua ya batri ya bapa, uwe na mbili, moja ndani, moja imejaa mu mfuko.

Mwenzangu alipoishika ile batri ndogo akaigeuza, akaniambia: «Hii kintu, si ni ya kwetu?» Ndiyo. Batri za namna hiyo mara nyingi ziko na kobalti ndani, na sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia inatoka Congo, ku udongo huu wa Kolwezi, Fungurume na Likasi. Inatoka hapa ndani ya gunia, inarudi ndani ya kartoni, na tunapaswa kuchanga watu 160 ili tuinunue. Sina neno la kuongeza pale.

Ku soko, mu Lubumbashi

Tulipanda gari siku ya yenga usiku, asubuhi tukawa Lubumbashi. Mu duka moja ya mjini, mpya ilikuwa dola 110. Kwa kambisti, bahasha yetu ilitoa dola 112. Ingetosha, lakini bila karte, bila batri ya pili, bila kitu. Tukaenda soko la Kenya, kwa wale wenye kuuzisha vitu vilivyokwisha kutumiwa. Ya kwanza tulioikuta ilikuwa dola 40. Nzuri kwa macho. Tukaipima, tukaikatalia. Ya pili tulinunua, dola 50, zumu ya kweli mara 5. Hivi njo tulizipima, na wewe unaweza kufanya hivyo:

Washa na uzime mara tano, usikilize. Lenzi inapaswa kutoka na kurudi kwa sauti moja laini. Ile ya dola 40 ilikuwa inalia kama inatafuna mchanga.

Piga foto ya mbingu ao ya ukuta mweupe, zumu ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Ipanue ku kioo, uangalie pembe zote. Doa jeusi lenye kukaa pale pale ku kila foto ni vumbi la ndani.

Bandika gazeti ku ukuta, rudi nyuma, piga. Soma herufi za katikati, kisha za pembe ine. Gazeti hili hili linaweza kufanya kazi hiyo.

Fungua pahali pa batri. Batri iliyovimba, ao chuma chenye rangi ya kijani, acha.

Uliza chaja yake na waya wake. «Utapata ku soko» maana yake hutapata.

Jaribu karte ya memwari mbele ya kulipa. Apareyi za zamani sana zinakubali paka karte ndogo za giga 2. Zingine mwisho wao ni giga 32. Na kuko karte za uongo, zimeandikwa giga 64, ndani hazifiki. Kwa sisi giga 16 inatosha, foto zaidi ya 2 000. Siku ya kwanza ijaze yote, kisha ufungue foto za mwisho. Zikikataa kufunguka, karte ni ya uongo, irudishe.

Ku nyumba je?

Mama wengi waliniuliza: na sisi, tununulie watoto? Jibu langu ni hapana, isipokuwa mtu anapenda sana kazi ya foto na anataka kujifunza. Kwa ubatizo, kwa harusi, kwa mtoto aliyepata diplome, telefone iliyo ku nyumba inatosha, na mu giza itashinda. Kijana anayefikiri atapata makuta kwa foto pasipoti na apareyi ya dola 50, afikiri tena: jirani yake iko na telefone, na labo iko na apareyi kubwa kupita yake. Makuta ile iende ku minerval.

Kwa sendika ni neno ingine. Telefone ni ya mtu. Ndani yake muko bibi yake, watoto wake, madeni yake. Ikiibiwa, ikiuzishwa, ao mwenyewe akihama kazi, foto zetu zinaenda naye. Na tukiomba foto ya asili, tunamwomba mtu atoe maisha yake yote ku meza ya wakubwa. Apareyi ya sendika haina kitu ndani isipokuwa kazi ya sendika. Zumu ilitufundisha kitu, lakini mimi hii sababu njo ilinishinda.

Sheria tulizoandika mbele ya kuiwasha

Tulisema: apareyi bila sheria itakuwa kama ile foto ya WhatsApp. Tukaandika hivi ku ukurasa wa kwanza wa kaye.

Haipigi kwa siri. Kodi ya Kazi ya Congo, sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inajua delege wa wafanya kazi na inataka komite ya usalama mu kampuni. Tuliandika barua tuombe apareyi iingie pamoja na komite, siku ya kutembelea kazi. Kuko kampuni ambazo sheria yao ya ndani inakataza foto. Delege akipiga kwa kujificha, ni yeye atafukuzwa, na ngazi itabaki vile ilivyo.

Kila kitu kinapigwa foto tatu. Ya mbali, yenye kuonyesha pahali. Ya katikati. Ya karibu, na kitu cha kupima ndani yake: mita, biki ao kaske. Kama haukaribii, zumu inafanya ile ya tatu.

Saa na tarehe za apareyi zinaangaliwa kila asubuhi. Apareyi ikikaa bila batri siku nyingi, inaweza kusahau tarehe.

Kila foto iko na mstari wake mu kaye: nambari, tarehe, saa, pahali, nani alikuwa pale. Watu wawili wanaweka sinyatire.

Foto haiendi ku Facebook. Ikipaswa kwenda ku WhatsApp, inatumwa kama dokima, si kama foto, ili isipunguzwe na tarehe yake isipotee. Ile ya asili inabaki ku karte, na kopi ku kompyuta.

Mtu aliyeumia hapigwi uso. Tunapiga ngazi, kamba, jiwe. Mwenzetu si kitu cha kuonyesha.

Siku ya shauri

Siku ya posho ingine tukarudi mu lupango ile ile. Niliweka ku meza apareyi ya dola 50, batri ya pili ya dola 8, karte ya dola 7, kaye, na makuta ya labo kwa foto za kwanza, yote pamoja dola 75. Nauli tulilipa wenyewe. Dola 37 zilibaki, tukampa yule papa wa pansio aziweke ku kasha ya kilio. Akazihesabu mara mbili. Kwa apareyi watu 19 walisema ndiyo, 8 walisema hapana. Kijana wa atelye alikuwa mu wale 8, lakini njo yeye anashika kaye sasa, juu ya mwandiko wake ni safi.

Jibu la barua yetu lilichukua wiki tano. Wakakubali, na sharti: mtu wa kampuni atembee pamoja nasi. Muzuri, tukasema, na yeye ataweka sinyatire.

Asubuhi ya kwanza tulipita pale pa ile ngazi. Ni mpya, sijasema ni mbaya. Niliegemea ukuta nyuma ya mstari wa njano, nikavuta zumu, nikapiga kidato kimoja kimoja. Mbele kidogo, ku ngazi ingine, kulikuwa kidato cha rangi ya kahawa, kinaanza kutobokaa pembeni. Foto tatu. Mistari tatu mu kaye. Sinyatire mbili, na moja ni ya kampuni. Kisha siku nane kile kidato kilibadilishwa. Hakuna mtu aliyeanguka. Hakuna mtu aliyetushukuru pia, na si shida.

Ripoti ya mwenzetu haijabadilika. Bado imeandikwa «kosa la mfanya kazi», na apareyi haiwezi kupiga foto ya jana. Kwa ile tungali tunapigana na mashahidi na karatasi.

Tulipotoa foto ku labo, bibi yake alikuja kuziona. Nilifikiri ataangalia ile ya kidato kilichooza. Aliacha hiyo, akashika ile ya mbali, yenye kuonyesha ngazi nzima na pompe juu. Akaiangalia sana.

— Ni pale?

— Ni pale, mama.

— Ni juu hivi?

Hakuwa amewahi kupaona. Tangu mwaka jana alikuwa anasikia watu wakisema bwana yake hakushika reli, na hakujua pahali penyewe panafanana namna gani. Akaomba kopi moja. Kijana wa atelye akaandika mu kaye: foto nambari 1, kopi moja, imepewa familia. Akaniangalia kama aombe makuta ya labo. Nikamwambia hapana, hiyo ni ya sendika.